Niacheni Nisimame Ukutani

Kuna swali moja nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyoulizwa kabila langu: "Wewe, mbona umepoa hivyo?" Huwa linaulizwa kwa nia njema kabisa. Anayeuliza ana chupa mkononi, jasho usoni na huruma ya kweli machoni. Anadhani nimefiwa, au nimeachwa, au mshahara umechelewa (hili la tatu kwa sisi waandishi wa magazeti mara nyingi ni kweli, lakini silo linalonifanya nipoe). Nikimjibu niko sawa, haamini. Nikimwambia naufurahia muziki, ndiyo kabisa anaona nimechanganyikiwa. Mtu anafurahiaje muziki wakati amesimama tu?

Wadau, leo tuzungumze starehe. Sina mpango wa kuilaani, maana kazi hiyo wapo wanaoifanya kila Ijumaa na kila Jumapili, tena wana vipaza sauti vikubwa kuliko changu. Nataka kuzungumzia hali ya mtu mkimya, mtu wa ndani, anapojikuta katikati ya mkesha wa muziki wa elektroniki. Ile mikesha ambayo Wazungu wanaiita reivu, na ambayo sisi vijana wa Dar, Nairobi na Kampala tumeipokea kama vile ilizaliwa kwetu. Na kwa kiasi fulani ilizaliwa kwetu, subirini nitafika huko.

Kwanza tuelewane. Mtu wa ndani na mtu mwenye aibu ni watu wawili tofauti. Mwenye aibu anataka kuongea na watu ila anaogopa. Mimi siogopi, kazi yangu ni kuwauliza wakubwa maswali wasiyoyapenda, na usiku nalala vizuri. Suala ni gharama. Carl Jung, yule mtaalamu wa nafsi kutoka Uswisi, ndiye aliyewatenganisha watu wa ndani na watu wa nje katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za haiba. Baadaye mwanasaikolojia Hans Eysenck akaja na hoja kwamba ubongo wa mtu wa ndani tayari umechangamka wenyewe, kwa hiyo kelele kidogo tu zinamjaa, wakati mwenzake anahitaji kelele nyingi ndipo ajisikie yuko hai. Wataalamu bado wanabishana, lakini mimi nina mfano wangu wa simu. Wenzangu wakiingia kwenye umati ni kama wamechomekwa kwenye chaji. Mimi nikiingia, chaji inaanza kushuka. Saa nne usiku nina asilimia 100. Saa sita nina 40. Saa nane simu imezima na mwenyewe natafuta bodaboda.

Sasa mtu wa namna hii anafuata nini huko? Mara ya kwanza nilipelekwa na kazi. Mhariri wangu anaamini habari hazikai ofisini, zinakaa pale watu wanapolegea, hivyo akanituma kwenye mkesha mmoja wa ufukweni upande wa Kigamboni. Spika zimepangwa kama makabati ya nguo, jenereta linanguruma nyuma ya minazi, moshi wa mashine unapita miguuni. Nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba nitauchukia muziki.

Kumbe muziki haukuwa na shida. Jamani, mdundo mmoja unaokwenda dakika kumi bila maneno ni kitu kizuri sana kwa mtu wa ndani. Hakuna anayekutaka uimbe naye. Huhitaji kumwomba mtu kucheza na wewe, kama ilivyo kwenye rumba, halafu ukataliwe mbele ya kadamnasi. Unasimama mahali penye giza, besi inakupiga kifuani, na kichwani kunakuwa kimya kuliko chumbani kwangu Sinza. Nilisimama hivyo karibu saa nzima, na kwa saa hiyo sikuwa mgeni.

Ugeni ulianza walipoingia watu watatu. Wa kwanza ni mshereheshaji. Alishika kipaza sauti akaanza kuamuru: mikono juu, pigeni kelele, asiyepiga kelele hana hela! Wa pili ni mwenye meza ya VIP, ambaye kila chupa yake inaletwa na msafara wa wahudumu na fataki zinazowaka, ili tujue sote kwamba imenunuliwa. Wa tatu ni mwenye simu, ambaye taa yake inakumulika usoni ukiwa umefumba macho, na kesho yake unajiona kwenye mtandao umekaa kama mtu anayeumwa jino. Hao watatu wana jambo moja linalofanana. Wote wanataka furaha ionekane. Iwe na ushahidi.

Nikaondoka saa saba kasoro. Lakini swali likanibakia: muziki unaomfaa mtu mkimya namna hii, umewezaje kuwa na sherehe inayomfukuza mtu mkimya?

Nikaanza kusoma, na niliyoyakuta yalinishangaza. Mwaka 1977 huko Chicago ilifunguliwa klabu iliyoitwa The Warehouse, yaani ghala. DJ wake alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetokea New York. Waliokuwa wakienda pale wengi walikuwa vijana weusi na Walatino, na wengi wao wapenzi wa jinsia moja. Una maoni yako kuhusu hilo na mimi sitakuingilia, ila ukweli wa historia unabaki kwamba pale palikuwa mahali pa watu ambao kumbi nyingine hazikuwataka. Inaaminika kuwa jina la muziki wa hausi lilitokana na jina la klabu ile. Jirani na Detroit, vijana watatu weusi waliosoma pamoja eneo la Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakawa miongoni mwa waasisi wa tekno. Kwa maneno mengine, msingi wa starehe hii uliwekwa na watu waliokuwa wamechoka kuulizwa kwa nini hawafanani na wengine.

Muziki ukavuka bahari. Mwaka 1988 vijana wa Uingereza wakaanza kukesha kwenye maghala na mashamba, hadi serikali yao ikashindwa kuvumilia. Sheria ya mwaka 1994 ikawapa polisi mamlaka ya kutawanya mikusanyiko ya usiku ya watu 100 au zaidi kwenye eneo la wazi, na ikabidi sheria hiyo ieleze kwamba muziki unaokusudiwa ni pamoja na ule ambao sehemu yake kubwa ni midundo inayojirudia. Hebu fikirini sheria hiyo iletwe Tandale! Ngoma zetu zote zingelala rumande.

Berlin nako, baada ya ukuta kuanguka mwaka 1989, vijana wakayavamia majengo yaliyoachwa. Klabu ya Tresor ilifunguliwa mwaka 1991 ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani. Berghain ikafunguliwa mwaka 2004 katika jengo lililokuwa kituo cha kufua umeme, na pale mlangoni kamera ya simu yako inabandikwa stika. Kupiga picha ndani ni marufuku. Mwaka 2024 Ujerumani iliingiza utamaduni wa tekno wa Berlin kwenye orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Urithi, wadau, pamoja na stika zake.

Mimi ile stika naitazama kwa wivu. Inamwambia kila anayeingia kwamba humu ndani huna haja ya kuonekana. Ukitaka kuruka, ruka. Ukitaka kuegemea nguzo ufumbe macho mpaka asubuhi, nguzo ni yako. Sijafika Berlin na sina haraka (nasikia pia wanakukataa mlangoni baada ya kupanga foleni ndefu, na mimi kukataliwa naweza kukataliwa hapahapa Sinza bila viza). Lakini wazo lenyewe nimelielewa.

Sasa turudi nyumbani, maana nilisema kwa kiasi fulani kitu hiki kilizaliwa kwetu. Watoto wa Manzese, Tandale na Mburahati hawakusubiri Mzungu awafundishe kukesha na mashine. Mchiriku ulikuwepo tangu miaka ya 1990, na kinanda chake kidogo cha Casio kikilia kwenye spika mbovu. Kisha likaja singeli. Hausi ya kawaida ina midundo kama 120 kwa dakika. Singeli inakwenda 200, wakati mwingine inakaribia 300. Mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ndipo Ulaya ilipojua kwamba tekno yao ni ya wazee.

(Kwa faida ya wasioijua, Nyege Nyege ni pia tamasha kubwa lililoanza mwaka 2015 kule Jinja, Uganda, kando ya mto Nile. Waandaaji wanasema jina linatokana na neno la Kiganda lenye maana ya hamu ya ghafla ya kucheza. Sisi Waswahili tunalijua kwa maana yetu, na ndiyo maana sijawahi kumwambia mama yangu nataka kwenda wapi.)

Muziki wa singeli tumeujua kwenye vigodoro. Wengi mnaosoma hapa mmekulia uswahilini hata kama sasa mnajifanya wa Masaki, kwa hiyo mnajua: turubai linafunga barabara, spika zinapangwa, na mtaa mzima unakesha. Kigodoro kina kitu ambacho ule mkesha wa Kigamboni haukuwa nacho. Kina benchi. Mtaani kwetu bibi alikaa mlangoni kwake na khanga begani, hachezi, haimbi, anatazama. Muuza mihogo alikuwa na karai lake pembeni. Mafundi wa spika walikaa juu ya maboksi yao. Wote walikuwa kwenye sherehe, na sikumbuki hata mara moja mtu amewauliza mbona wamepoa. Kuna anayecheza, kuna anayetazama, na anayetazama naye ana kazi yake.

Ila nisiwe mnafiki, kigodoro nacho kina ukatili wake. Hakina mlango wa kutokea. Mkesha wa ufukweni ukikuchosha unapanda bodaboda. Kigodoro kikikuchosha kipo dirishani kwako, na kesho una mtihani wa kidato cha nne. Nilipitia hayo. Mtu wa ndani anahitaji vitu viwili: ruhusa ya kuwepo bila kujionyesha, na ruhusa ya kuondoka. Kigodoro kilinipa ya kwanza kikaninyima ya pili. Mkesha wa mjini umenipa ya pili ukaninyima ya kwanza.

Na kama mnadhani haya mambo ya kukaa kimya kwenye muziki ni ya kizungu, nendeni Zanzibar. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na bado kipo. Kwenye taarab ya namna ile mtu anakaa kwenye kiti chake, ananyamaza, anasikiliza. Shairi likimgusa anasimama, anakwenda taratibu na noti yake, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Hiyo nayo ni starehe. Watu wa pwani walijua zamani kwamba msikilizaji aliyetulia ni sehemu ya muziki.

Sasa niseme kwa nini nimelivalia njuga jambo ambalo wengine mtaona ni dogo.

Nina mshikaji wangu, tumesoma naye chuo. Ni mkimya kuliko mimi. Alipoingia mjini akafundishwa kwamba kijana asiyechangamka hana maisha, hana mademu, hana dili. Akapata dawa. Alianza na viroba, kabla serikali haijavipiga marufuku mwaka 2017, kisha akahamia kwenye chupa ndogo za pombe kali. Anakunywa nyumbani kabla ya kutoka, peke yake, ili akifika awe yule mtu wanayemtaka. Na kweli wanampenda! Yule mlevi ana marafiki wengi. Huyu mkimya niliyesoma naye hakuna anayemuulizia. Mwaka jana dada yake alikuwa na sherehe ya kuagwa, akashindwa kuingia ukumbini mpaka apitie duka la vinywaji. Sherehe ya dada yake, watu anaowajua tangu utoto. Aliniambia hivi: "Kaka, sijui tena kukaa na watu nikiwa mimi."

Kauli hiyo sijaisahau. Tunapohubiri kuhusu vijana na ulevi tunazungumzia umaskini, marafiki wabaya, kukosa dini. Sijasikia mtu akisema kwamba wapo wanaokunywa kwa sababu tumewakataza kuwa wakimya.

Halafu kuna dada mmoja, mwandishi mwenzangu, nilimsomea rasimu ya makala haya nikidhani atanisifu. Akanitazama akasema: "Wewe ukisimama ukutani peke yako unaitwa mpole. Mimi nikisimama hapo dakika tano naitwa dadapoa." Akaendelea kunieleza kwamba mwanamke mkimya kwenye mkesha anatakiwa kutabasamu kwa kila anayepita, maana asipotabasamu anaringa, na akitabasamu amekubali. Kwa hiyo yeye hubaki nyumbani. Anaupenda muziki kuliko mimi, ana spika nzuri kuliko ukumbi mwingine wa mjini, na anacheza sebuleni kwake peke yake. Nilikosa la kumjibu.

Najua wapo watakaosema: kama hupendi, kaa nyumbani! Mwaka 2018 waziri mmoja wa Uganda alitangaza kulifuta tamasha la Jinja kwa ajili ya maadili, na mwaka 2022 Bunge la huko likataka lizuiwe. Mara zote mbili lilifanyika, kwa masharti. Wale walitaka watu wote wakae nyumbani. Mshereheshaji wetu anataka watu wote waruke. Mimi naona ni ndugu hao. Kila mmoja ana namna moja tu ya furaha kichwani mwake, na anataka kuikagua kwa wengine.

Nisiishie kulalamika, waandaaji wa mikesha nawaomba mambo machache ambayo hayana gharama kubwa. Wekeni viti pembeni, mbali kidogo na spika, na maji ya kunywa ambayo mtu hatalazimika kuuza simu ili ayanunue. Mshereheshaji apewe dakika zake, kisha azimwe kipaza sauti, DJ afanye kazi. Jaribuni usiku mmoja tu bila picha, muone nani atabaki. Nina hakika atakayebaki amefuata muziki. Na mabaunsa wafundishwe kwamba mwanamke aliyesimama peke yake hajamwita mtu.

Kwenu marafiki wa watu wakimya: mtu akikuambia niko sawa, mwamini. Akiaga saa sita, mpe mkono, mwambie safari njema. Usimwite mzee. Usimshike mkono kumvuta katikati, maana umemkuta mahali alipochagua mwenyewe. Ukitaka kweli kumfurahisha, simama naye hapo ukutani wimbo mmoja, usiseme kitu.

Na kwako wewe mkimya mwenzangu, unayesoma haya ukiwa umejificha chooni kwenye sherehe ya ofisi (najua upo). Huumwi. Huna haja ya kunywa ili upate mtu mwingine wa kumtuma badala yako. Muziki huu mara nyingi unatengenezwa na mtu aliyejifungia chumbani peke yake, na vifaa vya masikioni, usiku kucha, anarudia mdundo mmoja mpaka ukae sawa. Ni mwenzetu huyo. Una haki ya kwenda kuusikiliza ukiwa umefumba macho, na una haki ya kuondoka ukichoka.

Yule mshikaji wangu nimeongea naye juzi. Nimemwambia siku akitaka kutoka bila kupitia dukani, anishtue, tutakwenda wote, tutasimama, tutarudi mapema. Hajajibu bado. Simu yangu iko hewani.